Mapango ya Mawe ya Chokaa: Mwongozo kwa Watembezi wa Kyerwa na Karagwe

Vilima vya Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ni mahali panapofaa kwa matembezi ya miguu. Njia hupita kati ya migomba na mibuni, hupanda hadi kwenye migongo ya vilima yenye nyasi, kisha hushuka tena mabondeni. Magharibi zaidi limo bonde la Mto Kagera, mpaka kati ya Tanzania na Rwanda. Tangu mwaka 2019, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa, eneo hili limezidi kujulikana kwa wapenda maumbile, wakiwamo wanafunzi, vikundi vya vijana na wageni kutoka nje ya mkoa.

Katika matembezi ya aina hiyo, mtembezi anaweza kukutana na uwazi wenye giza ubavuni mwa kilima. Baadhi ya uwazi huo ni viambaza vya miamba, mwingine ni mapango ya asili, na mwingine ni mashimo yaliyoachwa na wachimbaji. Swali la kwanza huwa ni moja: je, aingie? Makala haya yanaeleza mapango ya mawe ya chokaa ni yapi, yanapatikana wapi, yanatembelewaje kwa usalama, na kwa nini mkazi wa Kagera hana budi kuwa na tahadhari kubwa zaidi mbele ya pango lolote lenye popo.

Miamba ya Karagwe si ya chokaa

Watu wengi huita kila uwazi wa mwamba "pango", na hudhani mapango yote yametokea kwa namna moja. Sivyo ilivyo. Vilima vya Karagwe na Kyerwa vimejengwa kwa miamba mikongwe iliyotokana na mchanga na tope vilivyotuama chini ya maji zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Joto na mgandamizo wa ardhi viliugeuza mchanga kuwa mwamba mgumu mno, na tope likawa mwamba laini wenye matabaka membamba. Ndiyo sababu ya sura ya nchi hii: mwamba mgumu umebaki kuwa migongo mirefu ya vilima, na ule laini umemomonyoka na kuwa mabonde. Katika mfumo huohuo wa miamba ndimo yanamopatikana madini ya bati, ambayo Kyerwa inajulikana kwayo.

Mwamba wa mchanga mgumu hauyeyuki kwa maji ya mvua. Kwa hiyo uwazi unaoonekana katika vilima hivi kwa kawaida ni kiambaza kifupi chini ya jabali, ufa kati ya mawe yaliyoanguka, au shimo la machimbo. Viambaza hivyo vina thamani yake. Bwanjai, wilayani Missenyi, mkoani Kagera, inajulikana kwa michoro ya kale ya miambani. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, michoro ya aina hiyo imeorodheshwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Lakini anayetaka kuona pango la chokaa lenye kumbi ndefu na mawe yanayoning'inia kama miiba ya barafu, itambidi asafiri.

Pango la chokaa hutokeaje

Mawe ya chokaa kwa sehemu kubwa hutokana na maganda na mifupa ya viumbe wa baharini iliyorundikana chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka. Bahari ilipojitenga na nchi kuinuka, mwamba huo ukawa nchi kavu.

Maji ya mvua yanapopita hewani na katika udongo wenye majani yanayooza, hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa na ukali kidogo, kama ule wa maji ya soda. Ukali huo hautoshi kumdhuru mtu, lakini unatosha kuyeyusha chokaa kidogo kidogo. Maji huingia katika nyufa za mwamba na kuzipanua. Baada ya muda mrefu sana, ufa huwa njia, na njia huwa ukumbi. Usawa wa maji ya ardhini unaposhuka, ukumbi hubaki mtupu, na hapo pango huwa limezaliwa.

Kisha kazi hugeuka. Tone la maji lenye chokaa likifika darini mwa pango hupoteza sehemu ya hewa yake, na chembe ya chokaa hubaki pale. Matone mengi hujenga jiwe linaloning'inia, liitwalo stalaktiti. Yale yanayoanguka chini hujenga jiwe linaloinuka, liitwalo stalagmiti. Yote mawili yakikutana huwa nguzo. Ukuaji huu ni wa polepole mno, kwa kawaida chini ya milimita 1 kwa mwaka. Kijiwe cha urefu wa kidole ambacho mgeni anaweza kukivunja kwa sekunde moja huenda kimechukua maelfu ya miaka kujengwa. Hata kukigusa kwa mkono mtupu huacha mafuta ya ngozi yanayochafua jiwe na kuzuia chokaa mpya kushika.

Mapango ya chokaa yanayojulikana

Mapango ya chokaa yanayojulikana zaidi nchini ni ya Amboni, yaliyopo takriban kilomita 8 kaskazini mwa Jiji la Tanga, karibu na barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Miamba yake ni ya zama za Jurasi, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 150. Yapo mapango kadhaa, lakini moja ndilo linalotumika zaidi kwa wageni. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba njia zake za chini kwa chini hufika Mombasa, na wengine wakasema hadi Mlima Kilimanjaro. Wataalamu kutoka Ujerumani na Uturuki waliofanya upimaji mwaka 1994 walibaini kuwa pango refu zaidi lina takriban mita 900. Masimulizi yanabaki kuwa sehemu ya utamaduni wa mahali hapo, na vipimo vinabaki kuwa vipimo. Mgeni anaweza kufurahia vyote viwili bila kuvichanganya.

Kusini, katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, yapo mapango mengine makubwa ya chokaa, yakiwamo ya Nang'oma. Zanzibar, Pango la Kuumbi karibu na Jambiani limo katika mwamba wa chokaa ya matumbawe, na utafiti wa mambo ya kale umeonesha kuwa watu walilitumia maelfu mengi ya miaka kabla ya miji ya Waswahili kujengwa.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Pango la Panga ya Saidi katika Kaunti ya Kilifi lilivuta macho ya dunia mwaka 2021, baada ya wanasayansi kutangaza kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa humo takriban miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa sasa linalofahamika barani Afrika. Lisingesalia kama sakafu ya pango ingekuwa imechimbwachimbwa na watafuta vitu.

Kwa mkazi wa Karagwe na Kyerwa, mahali pa karibu kuliko Amboni pa kuona mawe ya matone ni Amabere ga Nyina Mwiru, karibu na Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Jina lake linamhusu Nyinamwiru, mama wa Ndahura katika masimulizi ya Abachwezi, na maji meupe yanayodondoka pale hufananishwa na maziwa yake. Masimulizi ya Abachwezi yanajulikana pia kwa Wanyambo, hivyo mgeni kutoka Nkwenda atakuta pale hadithi asiyokuwa mgeni nayo.

Popo na ugonjwa wa virusi vya Marburg

Tahadhari kubwa kuliko zote kwa mtembezi wa Kagera haihusu giza wala kuteleza, inahusu popo. Yupo popo mla matunda anayelala kwa makundi makubwa mapangoni na katika machimbo, kuanzia Misri hadi kusini mwa Afrika. Huyu ndiye mwenyeji wa asili wa virusi vya Marburg. Yeye mwenyewe haugui, lakini virusi hutoka katika mate, mkojo na kinyesi chake.

Mifano ya karibu inaeleza zaidi kuliko onyo lolote. Mwaka 2007, wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg, na wanasayansi wakapata virusi hivyo kwa popo wa mgodi huohuo. Katika Pango la Chatu lililomo ndani ya msitu wa Maramagambo, Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, mgeni mmoja kutoka Marekani aliingia mwishoni mwa mwaka 2007, akaugua aliporudi kwao, akapona, na ugonjwa wake ukatambuliwa takriban mwaka mmoja baadaye. Mgeni mwingine kutoka Uholanzi aliingia pango hilohilo Juni 2008 na kufariki dunia Julai mwaka huo. Wote wawili hawakuwa wachimbaji wala wawindaji. Walikuwa watalii, kama mtembezi yeyote. Baadaye kilijengwa kibanda cha kutazamia popo kwa mbali, na hadi leo hilo ndilo funzo la msingi: popo wanatazamwa kutoka nje.

Nchini Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, mlipuko uliotangazwa Septemba 2024 ulikuwa na wagonjwa 66, na 15 kati yao walifariki. Uchunguzi wa mamlaka za afya za nchi hiyo ulimhusisha mgonjwa wa kwanza na machimbo yenye popo wala matunda.

Mkoa wa Kagera wenyewe umepata milipuko miwili. Wa kwanza ulitangazwa tarehe 21 Machi, 2023 katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, 2023. Wa pili ulitangazwa tarehe 20 Januari, 2025 wilayani Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa, wakiwamo 2 waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara, na wote walifariki. Ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, 2025. Kwa familia zilizopoteza ndugu, hizi si takwimu tu.

Kuua popo si suluhisho

Baada ya kusikia habari hizi, wapo wanaoona kuwa njia rahisi ni kuwasha moto mlangoni mwa pango au kuziba tundu ili popo wafe. Uzoefu wa Kitaka unaonesha kinyume. Popo wa mgodi ule waliangamizwa baada ya mlipuko wa mwaka 2007. Miaka michache baadaye kundi jipya lilirejea, na popo waliochunguzwa mwaka 2012 walikutwa na virusi kwa asilimia 13.3, ikilinganishwa na asilimia 5.1 hapo kabla. Inaelekea kuwaua kulileta popo wageni, wengi wao wasiowahi kukutana na virusi, na maambukizi kati yao yakaongezeka.

Isitoshe, popo wala matunda huchavusha maua na kusambaza mbegu za miti, na wale wala wadudu hupunguza wadudu waharibifu wa mazao. Njia salama ni kuwaacha walipo na kukaa mbali nao.

Kabla ya kuingia pangoni

Mtembezi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, asiingie katika pango, kiambaza kirefu au shimo la machimbo lenye popo. Dalili ni harufu kali, kinyesi sakafuni, matunda yaliyotafunwa mlangoni, sauti za milio ndani, au popo wanaotoka kwa makundi jioni. Barakoa na glavu za kawaida si kibali cha kuingia.

Pili, asiingie kabisa katika mashimo ya machimbo ya bati yaliyoachwa, hata kama hayana popo. Mashimo hayo hayana nguzo za kuaminika, huporomoka baada ya mvua, na hewa ya ndani huweza kukosa oksijeni ya kutosha.

Tatu, atembelee mapango yaliyofunguliwa rasmi kwa wageni, akiongozana na mwongozaji wa eneo husika. Hata huko, kama vile Amboni, popo wapo. Mwongozaji hawaondoi popo, kazi yake ni kumpitisha mgeni katika njia inayofaa. Mgeni asichepuke kuelekea kwenye vyumba vyenye popo, asishike kuta zilizochafuliwa, na asile wala kunywa ndani.

Nne, awe na tochi mbili zenye betri mpya, kofia ngumu, viatu vyenye kukamata ardhi, na nguo za mikono mirefu. Tochi ya simu ni ya akiba, si ya kutegemewa.

Tano, amweleze mtu aliyebaki nyumbani au ofisi ya kijiji anakokwenda, yuko na nani, na saa ya kurudi. Watu wasipungue watatu: mmoja akiumia, mwingine hubaki naye, na wa tatu hufuata msaada.

Sita, aahirishe safari siku ya mvua au mawingu mazito. Pango la chokaa ni njia ya maji. Mvua inyeshayo mbali juu ya kilima huweza kujaza njia za chini kwa muda mfupi.

Baada ya matembezi

Anayetoka pangoni anawe mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kula, na afue nguo na kusafisha viatu vilivyogusa sakafu. Vumbi la kinyesi kikavu cha popo huweza pia kubeba vimelea vya kuvu vinavyoathiri mapafu, kwa hiyo kikohozi na homa baada ya safari visipuuzwe. Kinyesi hicho kisikusanywe kwa ajili ya mbolea.

Dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Huanza ghafla kwa homa kali, maumivu makali ya kichwa na misuli, na uchovu mwingi. Baadaye hufuata kuhara, maumivu ya tumbo na kutapika, na kwa baadhi ya wagonjwa kutokwa damu. Mwanzoni dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya matumbo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa hupewa dawa za malaria, hurudi nyumbani, na ndugu wanaomuuguza huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wake.

Kwa sababu hiyo, mtu yeyote aliyeingia pangoni au machimboni na kupata homa ndani ya siku 21 awahi kituo cha kutolea huduma za afya, na aseme mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa: "Niliingia pangoni, tarehe fulani, mahali fulani." Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa yeye, wauguzi watakaomhudumia na familia yake. Asione haya kwa kuhofia kulaumiwa. Matibabu ya mapema, ikiwa ni pamoja na kurudishiwa maji mwilini, huongeza nafasi ya kupona, kama ilivyoonekana Rwanda, ambako zaidi ya robo tatu ya wagonjwa walinusurika. Ushauri hupatikana bila malipo kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya. Anayehitaji uokoaji apige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kuheshimu urithi na mila

Mapango mengi ni mahali pa ibada na kumbukumbu. Amboni, hadi leo, wapo wanaokwenda kuomba na kuacha sadaka. Mgeni apite kwa adabu, asiguse vilivyowekwa, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Vijijini, ni vyema kuonana na uongozi wa kijiji na wazee kabla ya kupanda kilima. Wao ndio wanaojua uwazi upi ni kiambaza, upi ni machimbo ya zamani, na upi una popo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda maeneo na vitu vya kale nchini, na uchimbaji wa vitu hivyo bila leseni hauruhusiwi. Atakayekuta michoro, vigae, zana za mawe au mifupa ya kale aviache vilipo, akumbuke mahali, na atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Kuandika majina ukutani, kuwasha moto na kuvunja mawe ya matone ni kuharibu kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha.

Kyerwa na Karagwe zina mengi ya kumfurahisha mtembezi bila kuingia gizani: vilima, bonde la Mto Kagera, hifadhi mbili za Taifa na chemchemi ya maji moto ya Mtagata. Anayetamani pango la chokaa, Amboni ipo, na njia ya kulitembelea inajulikana. Uwazi wenye popo ubavuni mwa kilima cha nyumbani atautazama kwa nje, kisha ataendelea na safari yake.